Nimelipa elfu thelathini mtoto achezeshwe vibanio vya nguo, halafu wakamfunga mkono. Hii nayo ni tiba?

#1 Baba Tausi
Wakuu salaam. Nisaidieni kabla sijagombana na mtu humu ndani.

Binti yangu ana mwaka na miezi miwili. Anakula vizuri, anacheka, anaita "baba" hata akiona kuku. Shida yake ni moja, mkono wa kulia hautumii. Ukimpa ndizi anapokea kwa kushoto. Ukimpa ya pili, anaitupa ya kwanza ndiyo apokee hiyo. Wa kulia kaukunja kifuani, ngumi. Kutambaa hajawahi, anasota kwa makalio kama anapiga kasia, na kasia lenyewe ni mkono wa kushoto.

Mama yangu alipokuja kutoka Muheza alimtazama siku moja tu akasema huyu ni mashoto, karithi kwa marehemu babu yake, dawa yake aufungwe huo wa kushoto na kitambaa mpaka auzoee wa kulia. Tukacheka. Mke wangu akamwambia "mama, hizo zama zimepita". Akanuna siku mbili.

Kliniki nesi akatuandikia twende kwa watu wa tiba kwa vitendo. Tukaenda. Elfu thelathini, foleni toka saa moja asubuhi. Nilitegemea mashine, taa nyekundu, chochote. Dada wa watu katandika mkeka, katoa vibanio vya nguo, kopo la maziwa na chupa yenye mbaazi ndani. Kacheza na mtoto dakika arobaini. Halafu, na hapa ndipo nilipochoka, akatoa soksi, akaivisha mkono wa kushoto na kuifunga kwa utepe. Akasema tufanye hivyo nyumbani kila siku.

Yaani nimelipia kuambiwa alichosema mama yangu bure! Sasa mke kanyamaza, na mama anaringa. Hii ni tiba au watu wanajitafutia hela?

#2 Natafuta Siti
Nimekaa mbele kabisa. Ngoja waje wataalamu.

#3 Mzee wa Gerezani
Elfu thelathini kwa vibanio? Kariakoo ungepata mfuko mzima na nauli ya kurudi ikabaki. Umepigwa mkuu.

#4 Mama Pacha
#3 hapo anazungumziwa mtoto wa mtu. Baba Tausi, alilia palepale alipozaliwa? Alipata manjano? Uchungu ulichukua muda gani?

#5 Baba Tausi
Mama Pacha, uchungu ulianza Jumapili usiku, mtoto kaja Jumanne alfajiri. Alilia, ila si palepale, walimpiga piga kwanza. Manjano hapana. Hospitali siitaji, haitasaidia.

#6 Mnyalu Halisi
Siku mbili za uchungu, unauliza nini tena? Uzembe wa wakunga huo. Tafuta mwanasheria.

#7 Sikio la Kufa
Mtoto wa kwanza, baba ana kazi nzuri, mkono unakataa ghafla. Wakubwa wanaelewa. Hapo kuna mkono wa mtu.

#8 Mzee wa Gerezani
#7 upo ndiyo, wa mtoto mwenyewe, tena wa kulia.

#9 Kijana wa Moshi
Habari zenu. Nafanya kazi hii ya tiba kwa vitendo, nilisomea KCMC, ile hospitali kubwa ya Moshi. Mtoto simpimi kwa simu, ila maelezo ya mleta mada yanaongea.

Mtoto wa chini ya mwaka hana mkono anaoupenda. Leo anashika kwa huu, kesho kwa ule. Upande unajionyesha vizuri baadaye, huko kwenye miaka miwili mpaka minne. Kwa hiyo mtoto wa miezi minane au mwaka akishikilia mkono mmoja tu, uwe wa kushoto au wa kulia, sisi hatuulizi kwa nini anaupenda huu. Tunauliza ule mwingine una nini.

Baba Tausi nijibu matatu. Akikunja ngumi, dole gumba liko ndani ya vidole au nje? Mkimvalisha gauni, mkono wa kulia unapita kirahisi au mpaka mbembeleze kiwiko? Na ukimsimamisha, kisigino cha kulia kinagusa sakafu?

#10 Baba Tausi
Dole gumba ndani. Gauni ni vita, mke wangu huanza na mkono huo ndiyo aje wa kushoto. Kisigino nimeenda kumsimamisha sasa hivi. Hakigusi, anasimama kwa vidole upande huo. Alikuwa amelala, mama yake kanifokea.

#11 Kijana wa Moshi
Pole kwa kufokewa. Basi huyo dada kaona alichokuwa anakitafuta. Mguu nao umo, hivyo si suala la umashoto. Mrudisheni kwa daktari wa watoto amwangalie vizuri, mnaweza kuambiwa ni mtindio wa ubongo wa upande mmoja, yaani ubongo uliumia mapema na hauongozi vizuri misuli ya upande huo. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono wa kulia, na huko ndiko penye kovu. Mkono wenyewe hauna ugonjwa.

Kuhusu soksi. Mtoto ni mjanja, mkono mmoja ukimpa shida anaacha kuuhangaikia na kumaliza kila kitu kwa ule mwingine. Kadiri anavyoacha kuutumia ndivyo ubongo nao unavyousahau. Ukiuvisha mzima soksi kwa muda mfupi, na mbele yake ukaweka kitu anachokitaka sana, ule mvivu unalazimika kwenda. Ndiyo maana kuna kopo, mlio wake unamvuta. Ndiyo maana kuna mbaazi kwenye chupa, akiigusa tu inalia, hata kama hajaishika. Na kibanio anakichomoa kwenye ukingo wa kopo, hapo vidole vinajifunza kufunguka.

Ila mkono wa kushoto usifungwe kutwa. Kwa umri wake nusu saa kwa siku, akiwa ameshiba na ana furaha, mtu kakaa naye. Huo wa kushoto nao bado unakua, una mambo yake ya kujifunza. Akianza kulia, vua.

#12 Natafuta Siti
Leo nimekaa siti nzuri.

#13 Mzee wa Gerezani
Swali dogo kwa #11. Hiyo tiba kwa vitendo wengine wanaiita tiba kazi. Mtoto wa mwaka mmoja ana kazi gani? Kaajiriwa wapi?

#14 Kijana wa Moshi
Hilo jina limetutesa. Wamarekani walianzisha chama chao mwaka 1917 pale Clifton Springs, New York, wakaita "kazi" kwa maana ya yale yanayomshughulisha mtu kutwa. Kwa mkubwa ni shamba, jiko, ofisi. Kwa mtoto ni kula, kuvaa, kuoga, kucheza, kushika kalamu akifika shule. Watu wa mazoezi ya viungo watakufundisha mkono unyooke. Mimi nataka huo mkono uliponyooka ushike kijiko ufike mdomoni. Tunaingiliana sana, tusidanganyane, mtoto mmoja anatuhitaji wote.

#15 Bint Pangani
Asalaam alaykum. Mimi ni mashoto wa kuzaliwa na nilifungwa. Chuoni maalimu alinifunga mkono wa kushoto kwa mtandio wangu mwenyewe ili niandike kwa kulia. Nikaandika. Mpaka leo naandika kwa kulia, ila nikishika kisu cha kukatia kitunguu au sindano ya kushonea, ni kushoto, wala hakuna wa kunitoa huko. Na kula nakula kwa kulia kama watu.

Kwa hiyo kufungwa huku na kule si kitu kimoja. Mimi nilikuwa na mikono miwili mizima nikanyimwa mmoja. Mtoto wa Baba Tausi ana mmoja unaolala, unaamshwa. Tena msimsumbue mtoto kwa habari ya kula kwa kushoto, mwenye udhuru hana lawama, dini yenyewe imesema.

Lakini na nyie msimcheke bibi. Mtoto kapelekwa kliniki kila mwezi, kapimwa uzito, kachomwa surua ya miezi tisa, nani aliuona huo mkono? Bibi, kwa siku moja, kwenye mkeka.

#16 Baba Tausi
#15 hapo umenigusa. Kadi ina vidoto vya uzito vimepanda vizuri kweli. Mkono hauna mahali pa kuandikwa.

#17 Sikio la Kufa
Bibi ameona kwa macho ya ndani. Mnakataa tu.

#18 Mama Junia Mbeya
Nami niseme langu. Wa kwangu ni mkono wa kushoto, lakini tofauti na huyu. Alikuwa mkubwa, kilo nne na nusu, kichwa kikatoka mabega yakakwama, wakamvuta. Toka siku ya kwanza mkono ulining'inia tu kama kamba. Hakuna ngumi, hakuna kukaza. Nilipopita kwa wataalamu waliniambia mishipa ya shingoni imevutika. Mkono umegeukia ndani, kiganja kinatazama nyuma. Daktari mmoja alisema unakaa kama wa mhudumu wa hoteli anayepokea bakshishi kwa siri, nikacheka huku nalia.

Kwa hiyo wanaosoma msikimbilie soksi. Wangu hakufungwa, alinyooshwa taratibu kila nikibadilisha nepi. Sasa ana miaka mitano, anarusha mpira, kuinua juu ya kichwa ndiyo bado.

#19 Kijana wa Moshi
Mama Junia kapiga palepale. Mkono uliolegea toka kuzaliwa, fikiria mishipa ya bega. Mkono unaokaza taratibu na ngumi ikazidi kadiri miezi inavyokwenda, fikiria ubongo. Ndiyo maana swali langu la kwanza lilikuwa dole gumba.

#20 Mnyalu Halisi
Haya yote bado yananirudisha kwa wakunga. Wa #18 kavutwa, wa #1 kacheleweshwa.

#21 Ushahidi Kwanza
Mnyalu, ugomvi huo una zaidi ya miaka mia. Daktari wa mifupa wa London, William Little, mwenyewe akiwa na mguu kifundo, aliandika mwaka 1862 kwamba watoto hawa wameharibiwa na uzazi mgumu. Wote wakamfuata. Mwaka 1897 Sigmund Freud akampinga, akasema huenda mtoto alikuwa na tatizo tumboni, na huo uzazi mgumu ni dalili yake, si chanzo. Alipuuzwa. Baadaye ilionekana kuwa kwa nchi tajiri uzazi wenyewe unabeba sehemu ndogo tu ya watoto hawa. Huku kwetu kuchelewa kulia, manjano na malaria iliyopanda kichwani bado vina sehemu kubwa, sikatai. Lakini mtindio wa upande mmoja kama huu mara nyingi ni kiharusi, na mtoto anaweza kukipata kabla hajazaliwa kabisa, mama yake akiwa sokoni ananunua nyanya.

#22 Mzee wa Gerezani
Freud yule wa ndoto?

#23 Ushahidi Kwanza
Huyohuyo. Kabla ya ndoto alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu.

#24 Mnyalu Halisi
Kiharusi kwa kichanga? Hiyo chai. Kiharusi ni cha wazee wenye presha.

#25 Mama Pacha
Si chai. Pacha wangu mmoja alipimwa kichwa kupitia utosi siku ya nne baada ya degedege, wakaona. Mwenzake hana kitu. Tumbo moja, siku moja, mkunga mmoja. Sasa huyo mkunga alimzembea mmoja tu?

#26 Mnyalu Halisi
Hapo sina jibu. Ila na wakunga wazembe wapo.

#27 Baba Tausi
#25 kwa hiyo na wangu apimwe utosi?

#28 Kijana wa Moshi
Kwa umri wake utosi unaweza kuwa umeshafunga au umebaki mdogo mno, mara nyingi unakuwa umefunga ikifika mwaka na nusu. Watakutajia kipimo kingine, na kina gharama. Muulize daktari kitabadilisha nini. Vibanio anaanza leo, majibu ya kipimo yawepo yasiwepo. Ila akianza kushtuka shtuka au kukodoa macho, usingoje miadi.

#29 Msafiri wa Maskati
Nawasoma toka Omani. Kwa habari ya kuchelewa, mimi wangu alitembea na miezi kumi na sita, mama mkwe akataka twende kwa sheikh. Daktari akatuonyesha vipimo vya Shirika la Afya Duniani, walivyotoa mwaka 2006 baada ya kufuata watoto wa Ghana, India, Norway, Marekani na hapahapa Omani. Kutembea peke yake kulianzia kama miezi minane mpaka miezi kumi na saba na nusu, wote wazima. Nilipoa.

#30 Mama Pacha
#29 kweli, lakini hicho kipimo kinatulaza wengine. Mimi nilijipa moyo "atatembea tu" mpaka mwaka ukapita. Kuchelewa kwa pande zote mbili ni jambo moja, upande mmoja kumwacha mwenzake ni jambo lingine.

#31 Ushahidi Kwanza
Nikirudi kwenye soksi, maana mleta mada aliuliza ni tiba au wizi. Ilianzia kwa kima. Mmarekani Edward Taub aliwakata kima hisia za mkono mmoja, wakaacha kuutumia ingawa misuli ipo. Akafunga ule mzima, wakarudi kuutumia ule uliokufa ganzi. Mwaka 1981 polisi walivamia maabara yake Silver Spring, Maryland, kwa kesi ya kuwatesa wanyama, ikawa kelele nchi nzima. Yeye akaenda Alabama akaijaribu mbinu kwa watu wazima waliopata kiharusi, kisha ikaja kwa watoto. Mwaka 2013 Iona Novak wa Australia, naye ni mtu wa fani hii hii ya #9, alipanga tiba za mtindio wa ubongo kwa rangi za taa za barabarani. Soksi ilipata kijani. Mazoezi ya kufundishwa nyumbani na wazazi yalipata kijani.

Ila tuseme na la pili. Mbinu ya akina Bobath ya kumnyoosha na kumgeuza mtoto kwa mikono ya mtaalamu, ambayo imefundishwa dunia nzima kwa miongo, alisema haifanyi kazi. Na bado kuna vituo ndiyo wanayotoza. Kwa hiyo #3 hakukosea kushtuka, kakosea kitu cha kukishtukia.

#32 Mzee wa Gerezani
Kwa hiyo bibi wa Muheza na huyo Taub ni sawa, ila bibi hakuhitaji kima.

#33 Bint Pangani
Wala polisi.

#34 Kijana wa Moshi
Nimecheka mpaka mgonjwa kaniuliza kuna nini.

Ushahidi Kwanza uko sawa, na inauma, maana Bobath nilifundishwa na nimeitumia. Kumnyoosha mtoto kabla ya kucheza naye naona kunamtuliza. Kwamba peke yake hakumfundishi kushika kikombe, nakubali.

#35 Mama Usonji Kigamboni
Mimi mwanangu ana usonji. Huko tunakokwenda wanambembeza, wanamsugua mikono na brashi laini, wanamwingiza kwenye bwawa la mipira. Wanasema milango yake ya fahamu haipokei vizuri. Je, nayo ina taa gani?

#36 Ushahidi Kwanza
Hiyo msingi wake ni kazi ya mtaalamu Jean Ayres wa California, miaka ya sabini. Chama cha madaktari wa watoto Marekani mwaka 2012 kiliwaambia madaktari wawaeleze wazazi kuwa ushahidi wake ni mdogo na haujakamilika. Hakikusema iachwe. Kilisema wekeni lengo linaloonekana, na baada ya muda ulizeni limefikiwa au la.

#37 Mama Usonji Kigamboni
Lengo langu lilikuwa kucha. Miaka mitatu nilikuwa namkata akiwa usingizini kwa tochi ya simu. Toka mwezi wa nne ananipa mkono mwenyewe, kidole kimojakimoja, anahesabu. Kama ni brashi, kama ni bembea, kama ni umri tu, mimi sijui na sitaki kuijaribu kuiacha.

#38 Sikio la Kufa
Na nyie mnawapa simu watoto toka asubuhi halafu mnasema usonji. Simu ndiyo chanzo.

#39 Mama Usonji Kigamboni
Mwanangu alizaliwa kijijini kwa mama yangu, simu ilikuwa ya tochi. Pita hivi.

#40 Kijana wa Moshi
#38 simu haileti usonji. Inachokula ni muda wa mikono. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019, chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja. Naletewa watoto wa darasa la kwanza hawawezi kufunga kifungo, lakini kidole cha kutelezesha skrini kina misuli kama cha bondia.

#41 Bint Pangani
Sisi tulikuwa na mdako. Unarusha kijiwe juu, unazoa vingine chini, unakidaka. Mkono mmoja unafikiri mara tatu. Na kuchambua mchele kwenye ungo, kusuka ukili. Nani alitupeleka kwa mtaalamu wa vidole?

#42 Otieno wa Pwani
Habari kutoka Kenya, Kilifi. Bint Pangani ni kweli, lakini wale ambao hawangeweza mdako walifichwa ndani ya nyumba, hukuwaona. Dadangu alikuwa mmoja wao.

Huku wataalamu wa tiba kwa vitendo tunawaita OT, wanasomea KMTC, chuo cha serikali cha mambo ya afya. Nataka kuwaonyesha kitu hakihitaji pesa. Mtoto wangu hakuweza kukaa, kiti cha duka bei yake ilinizidi. OT alitufundisha kutengeneza kwa maboksi. Unaloweka karatasi, unapika uji wa unga kuwa gundi, unapanga boksi juu ya boksi, unaacha likauke kwa jua siku kadhaa, unapiga rangi. Mbinu imetoka Zimbabwe. Kiti kimebeba mtoto miaka miwili. Adui yake ni mvua na panya, kwa sababu ya ule unga.

Pia kuna vituo vya EARC, vya kupima watoto kabla ya kuwaingiza shule, tangu 1984. Sijui upande wenu mnavyo.

#43 Mzee wa Gerezani
Kiti cha uji. Leo nimejifunza. Otieno, panya wako wanakula vizuri.

#44 Otieno wa Pwani
Tuliongeza pilipili kwenye gundi. Sasa hawagusi.

#45 Mama Junia Mbeya
Mbona kwenye foleni za mazoezi sioni akina baba? Mimi nilihesabu, wanawake kumi na wanne na mlinzi. Baba Tausi, kwa kwenda tu umeshatofautiana na wengi, hata kama umeenda kulalamika.

#46 Baba Tausi
#45 nakiri nilienda kwa sababu mke alikuwa na homa.

#47 Mama Pacha
Jamani tahadhari kwa anayesoma. Mbaazi zibaki ndani ya chupa, kifuniko kikazwe kwa gundi. Jirani yangu alizimwaga kwenye bakuli "azichambue", mtoto akaweka moja puani. Tulikesha.

#48 Mnyalu Halisi
Mleta mada kapotea. Tuletee mrejesho.

#49 Baba Tausi
Wakuu, mrejesho. Ni wiki ya saba.

Daktari wa watoto amesema ni kama alivyosema #11. Kipimo cha kichwa bado, naichanga hela. Soksi ya kwanza aliivua kwa meno, ikabidi mke ashone ya kitambaa cha kanga, ndefu mpaka kiwikoni, kachora uso wa paka. Wiki mbili za mwanzo hakuna kitu, mtoto anatutazama kama tumemwibia. Nikataka kuacha. Mama ndiye aliyekataa, maana ni dawa yake sasa. Kila saa kumi jioni anatandika mkeka, anamvisha paka, anampigia kopo.

Juzi mama kakaa naye kavaa hereni zake zile kubwa. Mtoto akainua mkono wa kulia. Sio haraka, ulikwenda kama unapita kwenye maji, unatetemeka, ngumi ikafunguka vidole viwili, vikanasa hereni. Akavuta. Mama akapiga ukelele, sikio limechanika kidogo, limetoka damu. Akawa analia na kucheka, anaita jina la marehemu baba. Kisha akatugeukia: "Si nilisema afungwe?"

Mke wangu anasema ni yule dada wa elfu thelathini. Mama anasema ni yeye. Anaendelea kusema ni mashoto.

#50 Bint Pangani
Mashaallah. Mpeni bibi pole ya sikio na hongera yake.

#51 Ushahidi Kwanza
Nimefurahi. Wiki saba pia mtoto anakua tu, lakini leo siongezi neno.

#52 Sikio la Kufa
Kumbuka nani kasaidia. Marehemu kaitwa, mkono ukafunguka.

#53 Mzee wa Gerezani
#52 mkono ulifunguka kwanza ndiyo marehemu akaitwa. Soma vizuri.

#54 Kijana wa Moshi
Safi sana. Sasa mpe vya mikono miwili, soksi ipumzike. Chupa na kifuniko, sufuria na mwiko, gazeti la kuchana. Wa kulia hautakuwa bingwa, tunataka uwe msaidizi mzuri, ushikilie wakati mwenzake anafanya. Na bibi avue hereni.

#55 Mgeni Songea
Samahani, nimeusoma uzi wote leo. Wangu ana miezi tisa, dole gumba liko ndani. Vibanio ninunue vya mbao au vya plastiki?

#56 Mama Pacha
Miezi tisa vibanio bado, mpeleke akaangaliwe kwanza. Ila vya mbao springi yake ni kali, hata mimi vinanishinda.